Kasha la Zamani Limefunguka: Jibu kwa S. wa Mbaraki

Barua

*Somo, mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 48, naishi Mbaraki, Mombasa. Mume wangu ni karani bandarini, mtu mpole, tuko mwaka wa 24 pamoja. Binti yangu mkubwa anasoma fasihi ya Kiingereza chuo kikuu, na likizo hii alikuja na vitabu vya hadithi zilizotoka kwanza katika majarida ya Uingereza enzi za Malkia Victoria. Nilianza kwa kumsikiliza akisoma, nikaishia kuvichukua chumbani kwangu. Kila nikifungua, namkuta mtu aliyempoteza mpenzi wake ujanani. Nimelia kama mtoto, kwa sababu na mimi nilikuwa na wangu. Wazee walimkataa, wakasema si mwenzetu, akaenda zake Muscat. Kaseti aliyonirekodia ninayo hadi leo, chini ya leso, katika kasha la mamangu.*

*Sasa amekuja Kibokoni, mamake amefariki. Namba yangu ameipata. Kila usiku ananitumia ujumbe wa sauti. Anataka tuonane ufukweni Mama Ngina, chini ya mibuyu, mara moja tu kabla hajarudi. Mume wangu hajui. Niende? Nikose nini nikienda mara moja?*

*Tena binti yangu huyo ameletewa posa na kijana fundi wa injini za boti. Ndugu zangu wamesema si mwenzetu. Mimi nimenyamaza. S., Mbaraki.*

Kwanza kaa kitako

Mwanangu S.,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale penye kaseti. Nadhani naijua ilivyo. Ganda limepasuka pembeni, maandishi ya kalamu yamefifia, utepe umelegea. Na redio ya kuichezea nina hakika haimo tena nyumbani mwako. Umekihifadhi miaka yote hii kitu usichoweza kukisikiliza. Nikalifikiria hilo, nikakuonea huruma sana.

Kwa hiyo kabla sijasema neno jingine, nikuondolee aibu. Kumkumbuka mtu uliyempenda ukiwa na miaka ishirini si uovu. Nimekuwa somo wa maharusi wengi, nimewafunga vikuba vya asumini na rehani kifuani, na nakuambia si wote niliowaingiza ndani waliingia na moyo mzima. Wako walioolewa wakiwa na jina jingine kooni, wakalimeza, wakazaa, wakalea, wakazeeka na heshima zao. Hukuwa wa kwanza. Na machozi yako juu ya vitabu vya binti yako hayakuvunja ndoa ya mtu.

Lakini umeniuliza swali, na swali halijibiwi kwa huruma peke yake. Twende nalo polepole.

Hadithi hukatwa palipo patamu

Unajua hadithi hizo zilivyosomwa zamani? Hazikuja kama kitabu kizima. Charles Dickens alikuwa na jarida lake, *Household Words*, lililoanza mwaka 1850, likitoka kila wiki kwa peni mbili. Baadaye, 1859, akaanzisha jingine, *All the Year Round*. Riwaya yake ya *Great Expectations* ilitoka humo kipande kwa kipande kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Msomaji alipewa sura moja au mbili, kisha akaachwa na kiu wiki nzima. Mwandishi wa majarida alilazimika kujua mahali pa kukata. Alikata palipo na utamu, au palipo na kidonda, ili urudi.

Mapenzi yako yalikatwa vivyo hivyo, mwanangu. Waliokata ni wazee wako, na walikata mahali ambapo kijana bado anaimba kwenye kaseti. Hukumwona akiugua. Hukumwona amefukuzwa kazi, amekasirika, amekaa kimya siku tatu. Hukumfulia, hukumsubiri usiku, hukugombana naye juu ya karo ya shule. Mume wako umemsoma kurasa zote, za neema na za dhiki. Huyu wa Muscat umesoma sura ya kwanza tu. Sasa unaziweka mbili hizo kwenye mizani, halafu unashangaa upande mmoja unang'aa. Hadithi isiyokwisha haina doa, kwa sababu doa huingia mbele ya safari.

Na katika riwaya ile ya *Great Expectations*, nadhani umemkuta Bibi Havisham. Aliachwa siku ya harusi yake. Akasimamisha saa zote za nyumba pale pale ilipomfikia barua, saa tatu kasoro dakika ishirini. Akakaa na gauni la harusi likawa manjano mwilini mwake, kiatu mguu mmoja, keki ikajaa utando wa buibui mezani. Watu humhurumia yeye. Mimi namhurumia zaidi Estella, mtoto aliyemlea ndani ya nyumba ile ambamo saa hazisogei. Alimlea awe mkono wake wa kulipiza kisasi, na mtoto akakua hajui kupenda. Yaani msiba wa mama ulilipwa na binti. Neno hilo, binti, liweke kando. Nitalirudia.

Dickens mwenyewe alipoifungua bahasha

Tena usidhani waandishi wale waliwatungia wengine tu. Dickens mwenyewe yalimkuta kama yako.

Alipokuwa kijana asiye na kitu alimpenda binti mmoja, Maria Beadnell, binti wa familia ya watu wa benki. Alipenda miaka kama mitatu, kufikia 1833 yakaisha. Akaoa mwingine, Catherine, akapata jina na watoto. Februari 1855, naye ana miaka 43, ikamjia barua. Maria, sasa mke wa mtu, anamsalimu. Dickens aliwaka kama makuti makavu. Akamjibu kwa barua za moto, kana kwamba ile miaka ishirini na zaidi ilikuwa usiku mmoja. Maria, kwa uungwana wake, alimwonya kwamba si yule tena, kwamba amenenepa na uzuri umekwenda. Hakusikia. Hamu haina masikio.

Wakaonana. Mambo yakaisha palepale. Mwanamke aliyekuja alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno mengi na kicheko cha usichana. Dickens akarudi nyuma taratibu, akitafuta visingizio. Ikawa hiyo tu? La. Desemba mwaka uleule alianza kutoa *Little Dorrit*, na ndani yake yumo Flora, mama mnene mwenye kusema bila kituo, anayejipamba kwa mapenzi ya zamani. Maria akageuzwa kichekesho cha riwaya, kosa lake kuandika barua ya salamu.

Na nyumbani kwa Dickens? Mwaka 1858 aliachana na Catherine, mama wa watoto wake kumi, na tangazo lake alilichapisha katika *Household Words*, jarida lilelile lililokuwa likiingia majumbani kwa jina la amani ya nyumba. Sisemi Maria ndiye aliyeivunja ndoa hiyo. Ilikuwa na nyufa zake, na mengine yalikuja baadaye. Nasema hivi: mtu akishazoea kuitafuta furaha yake nje ya mlango wake, mguu hujifunza njia.

Sasa jiulize, mamangu. Ukifika pale mibuyuni, nani atakayevunjika? Huenda ukamkuta mzee mwenye kitambi anayezungumzia bei ya nyumba Muscat, ukarudi umepoteza hata ile kaseti. Huenda yeye ndiye akakutazama kidogo, kisha akaangalia feri ya Likoni. Au huenda mkapendezana kweli, na hapo ndipo balaa linapoanza.

Na kwetu pwani je?

Huhitaji kwenda Uingereza. Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Mwaka 1866 akaondoka na meli ya Waingereza kwa sababu ya kumpenda Mjerumani, Heinrich Ruete. Wakaoana Aden mwaka uliofuata, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa katika ajali ya tramu, akamwachia watoto wadogo watatu na baridi ya ugenini. Kilichobaki moyoni kikawa Unguja: maji ya Mtoni, harufu za nyumba ya babake, ndugu zake.

Alirudi mwaka 1885, baada ya miaka 19. Alikuja pamoja na manowari za Wajerumani, maana wakubwa wa huko walikuwa na mipango yao na hamu yake iliwafaa. Nduguye, Sultani Sayyid Barghash, hakumpokea. Aliziona kuta za utoto wake, asiwapate waliokuwa ndani yake. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na mwisho akafa Ujerumani, mwaka 1924.

Namtaja kwa mawili. Moja, mahali pa zamani hurudika, wakati wa zamani haurudiki. Pili, hamu ya mtu ikionekana na wengine, huwa kamba mkononi mwao. Wewe ujumbe wa sauti unausikiliza usiku, uko peke yako, mume amelala. Mtu anayekutumia sauti saa hiyo, hata akiwa mwema, ameshika ncha ya kamba.

Njia tatu zilizo mbele yako

*Ya kwanza ni kwenda kwa siri.* Umeuliza, ukose nini kwa mara moja. Ungekosa hivi. Mji huu ni kisiwa. Mama Ngina jioni imejaa watoto, wauza mihogo na madafu, na mashemeji. Kibokoni kila baraza lina macho. Utaonwa, na aliyekuona hatasema ulikwenda kutoa taazia. Kisha kuna dini yako: mwanamume huyo si maharimu wako, na faragha yenu haina jina zuri hata mkikaa mnazungumza hali ya hewa. Kisha kuna mumeo, aliyekukabidhi miaka 24. Nimewaona waliosimama mbele ya Kadhi kwa jambo lililoanza na "mara moja tu". Talaka hutoka kwa neno moja. Kuirudisha nyumba si neno moja. Usiache mbachao kwa msala upitao.

*Ya pili ni kumfungia namba kimya.* Ni salama kuliko ya kwanza. Lakini nakujua kwa barua yako: ukimfungia bila neno, utakuwa umeikata tena hadithi palepale penye kidonda, na utabaki ukijiuliza miaka ishirini mingine. Naye amezika mama. Aliyefiwa na mama hurudi utotoni, hugusa kila kitu cha zamani aone kipi bado kipo. Mimi simwiti mhuni. Namwona yatima mwenye mvi anayeokota vipande vyake, na wewe ni kimoja. Anastahili neno la kiungwana, moja.

*Ya tatu ni kumalizia hadithi kwa mkono wako.* Hii ndiyo ninayokuamuru, kama mama.

Utafanya hivi

Mwandikie, usimtumie sauti. Sauti ina mitego yake. Sema: "Nimesikia habari ya mama, Mungu amrehemu na akupe subira. Tulipendana kwa haki, tukatenganishwa na wakubwa, nami nimekusamehe na nakuomba unisamehe. Leo mimi ni mke wa mtu na ninaipenda nyumba yangu. Sitakuja, na nakuomba usinitumie ujumbe tena. Nakutakia kheri." Basi. Akijibu, usijibu. Akijibu tena, mfungie.

Kisha mwambie mumeo. Umesema ni mpole. Ungeniambia ni mtu wa ngumi ningekupa ushauri mwingine. Mwambie siku ya utulivu, baada ya chai, kwa maneno machache: alikuwepo aliyenitaka kabla yako, amerudi kwa msiba, alinitafuta, nimemkatalia. Huna haja ya kumhesabia machozi. Anachohitaji kujua ni mlango gani uligongwa na nani aliyeufunga. Ataumia kidogo. Lakini maumivu ya habari inayotoka kinywani mwako ni kitu kimoja, na ya habari inayotoka barazani ni kitu kingine kabisa.

Na kaseti? Wewe jirani wa mnara wa Mbaraki, unaujua. Mawe ya matumbawe, kimo chake kama mita 8, ndani mtupu. Watu wa zamani waliamini pana pepo, wakaupelekea ubani na marashi. Kando yake palikuwa na gofu la msikiti. Siku watu walipolikarabati lile gofu, wakaliezeka, wakaingia kusali, pale pakarudi uhai. Mwanangu, miaka yote hii umekuwa ukiupelekea ubani mnara mtupu, na pembeni yake pana nyumba yenye watu inangoja kukarabatiwa. Lini mara ya mwisho ulimwekea mumeo udi chumbani? Lini mlitembea wawili hadi hiyo hiyo Mama Ngina mkala mihogo? Mtu wa kurasa zote naye huchoka kusomwa haraka haraka. Kaseti sikuambii uichome. Ukimaliza kuandika ule ujumbe utajua mwenyewe la kuifanya.

Neno uliloliandika mwisho

Sasa nafika kwenye jambo lililoninyima usingizi, na si la Muscat. Barua yako nzima ni ya mwanamume aliyekataliwa kwa kuwa "si mwenzetu". Halafu, mwishoni, kama mtu anayesahau mfuko mlangoni, unataja kwamba binti yako ameposwa na fundi wa injini, ndugu zako wamesema maneno yaleyale, nawe umenyamaza.

Umenyamaza! Wewe, katika watu wote!

Kama kimo katika vitabu vya binti yako, kitafute kisa cha Bi Matty, katika *Cranford*, kitabu cha Elizabeth Gaskell. Kilitoka katika *Household Words* kati ya 1851 na 1853. Bi Matty ujanani aliposwa na Holbrook, mkulima mwenye shamba lake na maneno yake ya wazi. Baba yake mchungaji na dada yake mkubwa hawakumwona wa daraja lao. Akatii, akakaa bila kuolewa. Miaka mingi baadaye wakakutana dukani, wote wameshazeeka. Holbrook akamwalika Bi Matty na wenzake kwake, wakala chakula pamoja, na njegere zilipoletwa mwenyeji akazila kwa kisu kipana kama alivyozoea, na mabibi wakishindwa kuziokota kwa uma zao zenye meno mawili. Baada ya muda Holbrook akasafiri Paris, akarudi mgonjwa, akafa.

Bi Matty hakumwambia mtu kitu. Alimwita tu mshona kofia, akamwomba amtengenezee kofia za namna fulani. Mshonaji akamkumbusha kwamba hizo ni kofia za wajane. Ndivyo alivyokaa eda, kwa siri, kwa mume ambaye hakumpata.

Lakini si hapo ninapokupeleka. Nyumbani mwake palikuwa na mtumishi, Martha, na sheria ya nyumba ilikuwa binti wa kazi asiwe na mchumba. Usiku ule wa msiba, Bi Matty alimwita Martha akamwuliza kama yuko kijana anayempenda. Akampa ruhusa. Hakutaka moyo mwingine mchanga uhuzunike kama wake. Kijana alikuja, jina lake Jem, seremala, mtu wa kazi ya mikono. Na miaka ilipopita, benki ya Bi Matty ikafilisika, naye akabaki na kidogo mno, ni Martha na Jem walioharakisha ndoa yao ili wamweke nyumbani mwao. Mlango aliomfungulia mtoto wa watu ndio uliokuja kumsitiri.

Hiyo ndiyo kazi ya mapenzi yaliyopotea, mwanangu. Hukupewa uyafuate mibuyuni. Umepewa ili ulijue neno "si mwenzetu" linavyokata, na siku likielekezwa kwa mwingine, uinuke.

Basi inuka. Sikuambii mwoze kesho. Muulizeni kijana kazi yake, swala yake, wazazi wake, deni lake, hasira yake. Nendeni mkamtazame akiwa karakana, mikono ina grisi; hapo mtu haigizi. Binti amalize masomo yake, na yeye mwenyewe aulizwe anataka nini. Kama kijana ana kasoro, itajwe kasoro hiyo kwa jina lake. Lakini "si mwenzetu" si kasoro. Ni kisu, na wewe kovu lake unalo.

Zungumza na mumeo kwanza, maana yeye ndiye walii na ndiye baba. Pengine hayo ndiyo mazungumzo mliyoyakosa muda mrefu, jambo moja la kulipigania mkiwa upande mmoja. Kisha waite ndugu zako uwaambie, kwa adabu na bila kutetemeka, kwamba safari hii mama wa binti ana la kusema. Hawatajua umelitoa wapi. Wewe utajua.

Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Ganga yajayo, na yajayo yamelala chumba cha pili, kitabu kiko kifuani, yanangoja uyafungulie kinywa.

Somo wako